Msimu wa vimbunga Houston: acha kuuliza kategori, jipange kwa maji na giza

Ndugu zangu mnaokaa Houston na pwani yote hii mpaka Louisiana na Florida, msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na kila mwaka swali la watu wetu ni moja tu, "eti ni kategori ngapi?" Wakisikia 1 wanashusha pumzi, wanaendelea na mipango yao. Jamani, ile namba ya 1 mpaka 5 inapima kasi ya upepo tu, haikwambii mvua itanyesha kiasi gani wala utakaa gizani siku ngapi. Kimbunga Harvey mwaka 2017 kilipiga Rockport, mji wa pwani ya Texas, kikiwa kategori 4, lakini kinafika kwetu Houston upepo ulishapungua sana, kilichozamisha nyumba za watu ni mvua iliyonyesha palepale siku kadhaa. Halafu Beryl, Julai 2024, kategori 1, na wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, wengine zaidi ya wiki nzima, kwenye lile joto la Texas, na kuna waliofariki kwa joto ndani ya nyumba zao wakati kimbunga kilishapita.

Bima kwanza. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, ile unanunua peke yake, na ya serikali kwa kawaida inakaa siku 30 ndo inaanza kufanya kazi, kwa hiyo ukikimbilia kununua kimbunga kishaingia Ghuba ya Mexico umeshachelewa. Mliopanga apartment nanyi mnahusika, bima ya mwenye jengo inalinda jengo, sio kochi lako na TV yako. Na usiniambie mtaa wako hauko kwenye ramani ya mafuriko, nyumba nyingi zilizozama wakati wa Harvey zilikuwa nje ya hiyo ramani.

Sasa jenereta, hapa naomba mnisikilize vizuri sana. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina harufu, haina rangi, kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unalala na huamki. Kuweka gereji halafu ukaacha mlango wazi haitoshi. Iweke nje kabisa, futi 20 kutoka kwenye nyumba, moshi uelekee mbali na madirisha na milango. Jiko la mkaa ni hivyohivyo, najua umeme ukikatika mtu anawaza kuliingiza ndani apikie watoto ugali, nawaomba msifanye hivyo, wala kwenye balkoni. Nunueni kile kialamu cha betri kinacholia gesi hiyo ikiwepo, hakina bei kubwa.

Nyumba yenyewe: kubandika tepu kwenye vioo hakusaidii chochote, kata plaiwudi mapema, andika kwa maka peni ipi ni ya dirisha lipi uziweke stoo. Viti vya nje, vyungu vya maua, mapipa, vyote ndani, upepo ukivirusha vinaenda kuvunja dirisha la jirani. Zibua mifereji ya paa. Maji ya kunywa ni galoni 1 kwa mtu kwa siku, na jaza bafu maji ya kuflashia choo. Kabla hujahama, kwenye friza weka kikombe cha maji kigande, juu ya barafu weka sarafu, ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini ujue barafu iliyeyuka ikaganda tena, ile nyama tupa.

Barabarani ndo naogopa zaidi, maana wengi wetu ni manesi, madereva, watu wa maghala, zamu za usiku. Maji ya inchi 12 yanaweza kubeba gari dogo, futi 2 yanabeba mengi hata yale makubwa, na usiku huwezi kujua kina chake, hasa zile sehemu barabara inapita chini ya daraja. Hakuna zamu yenye thamani ya roho yako, geuza gari. Na maji yakiingia ndani usipande kujifungia darini kusiko na pa kutokea, panda juu ya paa uite msaada. Ukiambiwa hama, hama mapema, pasipoti, green card na vyeti vya watoto viwe kwenye mfuko usioingiza maji.

Wapo pia wazee waliokuja kutembelea watoto wao, na ndugu zetu wakimbizi kutoka Congo wasioelewa Kiingereza, zile alati za tahadhari kwenye simu zinalia na hawajui zinasema nini. Wapigie, wasomee kwa Kiswahili, waulize wana usafiri.

Kimbunga kikishapita, waya wa umeme uliolala chini usiusogelee. Piga picha na video kila chumba kabla hujatupa hata zulia moja, bima wataziulizia. Na fundi anayegonga mlango anataka hela yote kwanza, usimpe.