Usimuulize kama ana msitu: ushauri kwa wanaokwenda kuhoji wenye mashamba ya miti

Mara ya kwanza nilipotumwa kuwahoji watu wenye miti yao binafsi katika vijiji vya Mufindi na Njombe, kusini mwa Tanzania, nilipoteza siku mbili kwa sababu ya neno moja. Dodoso lilikuwa limeandikwa ofisini, mbali na huko, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Je, unamiliki msitu?" Kaya ya kwanza ilijibu hapana, ya pili vivyo hivyo, na hadi jioni nilikuwa na karatasi 14 za "hapana", ilhali kila nilipoinua macho niliziona paini zimepangwa mistari kutoka bondeni mpaka mgongoni mwa kilima. Kesho yake mzee mmoja ambaye naye alikuwa amekwisha kunijibu kwamba hana, alininyooshea fimbo upande wa pili wa kijito akaniambia, "Msitu ni wa serikali, mwanangu. Mimi nina shamba la miti."

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inautambua msitu wa mtu binafsi, na mwandishi wa dodoso hakukosea kisheria. Lakini kwa wenyeji msitu ni Sao Hill, wenye walinzi na magari ya serikali, au ni mahali pa asili pasipoguswa ovyo, kama Nyumbanitu ambako Wabena wamekuwa wakifanya matambiko. Kilichopandwa kwa jembe, kikapaliliwa na kulindwa dhidi ya moto, ni shamba. Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha karatasi hata moja, kaa na wanakijiji wawili au watatu, uwasomee maswali yote kwa sauti, na kila watakapokunja uso ufute neno hilo. Kazi hiyo huchukua nusu siku tu.

Kosa letu la pili lilikuwa kuanza na ukubwa wa eneo. Mgeni anayeingia uani na kuuliza una ekari ngapi, kisha anaandika, huonekana ama mtu wa kodi ama mtu anayemtafutia tajiri wa mjini ardhi ya kununua, na wote wawili hujibiwa kwa tahadhari. Tukazidisha ubaya kwa kuwataka watu waweke saini ya ridhaa kabla ya mazungumzo. Katika vijiji ambako watu wamewahi kusikia habari za ardhi iliyoondoka kwa dole gumba, karatasi ya saini humfunga mtu mdomo. Ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi ilitosha, na swali la ekari tulilipeleka mwisho, wakati chai imekwisha kunywewa.

Hata hapo usiiamini namba ya kwanza, na sababu si kwamba watu ni waongo. Ekari ya kijijini hupimwa kwa hatua 70 kwa 70, na hatua za kijana mrefu si za bibi wa miaka 60. Mimi huuliza pia alinunua miche mingapi na alipanda kwa nafasi gani. Nafasi ya mita 3 kwa 3 huingiza karibu miche 450 katika ekari moja. Ya mita 2.5 kwa 2.5 huingiza karibu 650. Mtu husahau ekari zake, lakini fedha aliyolipia miche huikumbuka mpaka shilingi ya mwisho.

Sasa nifike kwenye swali lenyewe, yaani kwa nini mtu anamiliki miti. Ukiuliza hivyo hivyo, utajibiwa "biashara" na karibu kila mtu, kwa kuwa ndilo jibu ambalo wageni wamekuja nalo. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, wa serikali za Tanzania na Finland, ulianza mwaka 2014 na kuueneza usemi huo vijijini, na mwenyeji mwenye adabu humpa mgeni anachokitaka. Dodoso letu nalo lilikuwa na orodha ya sababu zilizofanana mno na zile za utafiti wa kitaifa wa Marekani, ambako familia zenye misitu hutaja uzuri wa mandhari na wanyamapori mbele ya mbao. Nilipomsomea mama mmoja "uzuri wa mandhari" alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, ingawa baadaye alinieleza kwamba milingoti, yaani mikaratusi, ya nyuma ya nyumba hataikata kamwe, kwa sababu inamkinga na upepo wa Julai, na anayeujua upepo huo hatacheka.

Kilichotusaidia ni maharage. Tuliiacha orodha, tukawa tunachora duara sita chini kwa kijiti: mbao, ada za watoto, uzee, kuni, upepo, na kuishika ardhi. Kisha tukampa kila mtu maharage 10 ayagawe apendavyo, tukanyamaza. Mjane mmoja aliweka moja kwenye mbao, mawili kwenye ada, moja kwenye kuni, akayashika sita yaliyobaki mkononi kwa muda, halafu akayamwaga yote kwenye duara la ardhi. Nilimwuliza sababu. "Shamba likilala tupu, mashemeji wanalipigia hesabu," alisema. "Likiwa na miti, kila apitaye anajua lina mwenyewe." Katika dodoso la awali mama huyu angeandikwa kuwa mfanyabiashara wa mbao.

Swali la pili lililozaa matunda ni hili: "Mara ya mwisho ulipouza miti, ilikuwa na umri gani, na nini kilikufanya uuze?" Wataalamu hushauri paini ya mbao ivunwe ikiwa na miaka 18 au zaidi, na ukimwuliza mkulima atavuna lini atakutajia umri uo huo bila kukosea. Ukimwuliza alivuna lini, utasikia kwamba iliuzwa ikiwa imesimama, ina miaka 9, kwa dalali aliyefika wiki ile ile mtoto alipochaguliwa kwenda sekondari au mgonjwa alipopewa rufaa. Miti hiyo ni akiba, na akiba hutolewa shida inapofika. Mtu anayeandaa mafunzo ya uvunaji bila kulijua hilo atawafundisha watu jambo wanalolijua tayari.

Mhoji mke na mume kila mmoja peke yake. Sina haja ya kueleza sana. Jaribu mara moja utaona duara la kuni linavyojaa.

Jambo gumu kuliko yote, ambalo sijalipatia dawa kamili, ni wenye mashamba wasiokaa kijijini. Daftari la kaya lililoko kwa mtendaji wa kijiji haliwaonyeshi, kwa hiyo sampuli inayotokana na daftari huwaacha nje watumishi na wafanyabiashara walionunua ardhi na kurudi Makambako, Iringa au Dar es Salaam. Siku hizi ninaanza na shamba: ninatembea na mwenyekiti wa kitongoji kwa mstari ulionyooka, na kwa kila kipande cha miti tunachokivuka ninauliza ni cha nani. Mlinzi wa shamba hunipa namba ya simu ya tajiri wake akishampigia na kuruhusiwa. Usikubali mlinzi amjibie, maana atakueleza vizuri habari za magugu na barabara za kuzuia moto, lakini sababu ya bosi wake kununua ekari 40 mahali asipolala hata usiku mmoja anaijua bosi peke yake. Mmoja wao, niliyempata kwa simu jioni akiwa kwenye foleni ya magari, alinijibu kwamba amebakiza miaka 11 kustaafu, na paini zake zina miaka 7.