Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, uliza LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni ya nani

Chumba changu cha kwanza Dar kilikuwa Tabata. Kodi ya miezi sita mkononi, ya mwezi mmoja kwa dalali. Niliangalia dirisha kama lina wavu, basi. Wiki ya pili mama mwenye nyumba akabisha hodi: "Mwanangu, umeme elfu kumi, taka elfu mbili, mlinzi elfu tano. Na choo kimejaa, tunachangia gari."

Choo kilichojaa kabla sijahamia! Nililipa, ningefanyaje.

Lililoniuma zaidi ni LUKU. Mita moja, wapangaji watano, kila mtu elfu kumi. Mimi nina taa mbili, feni na simu ya kuchaji. Jirani ana friji zima la kuuzia barafu. Halafu kuna hesabu ambayo wengi hatuioni: shirika la umeme, TANESCO, wana bei nafuu kwa mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Mkiwa watano kwenye mita moja hizo 75 zinakatika mapema, na kuanzia hapo hata wewe wa feni moja unanunua kwa bei ya juu. Sabmita, ile mita ndogo ya kila chumba, itawagawia matumizi kwa haki, ila bei nafuu hairudishi. Chumba chenye LUKU yake, hata kikizidi kodi kidogo, mimi nakichukua.

Kisha kuna kodi ya jengo, ile ya serikali. Tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme. Usiponunua mwezi huu, deni linakusubiri mwezi ujao. Kwa hiyo ukihamia nyumba iliyokaa tupu, tokeni yako ya kwanza inaweza kumezwa na miezi ambayo hukuwepo.

Nilipohamia Kimara niliomba iandikwe kwenye mkataba kwamba makato hayo yatapunguzwa kwenye kodi ya chumba inayofuata. Baba mwenye nyumba akacheka: "Kijana, hela ya vocha hiyo!" Lakini alisaini. Meseji za tokeni huwa sifuti, ndizo risiti zangu.

Na choo: kabla hujatoa hata shilingi, omba mfuniko wa shimo ufunuliwe. Dalali atakushangaa. Mwache ashangae.