Andikisheni ufukwe na msitu wa kijiji kabla dalali hajabisha hodi

Tangu watu wa mbali waanze kuulizia viwanja vya ufukweni huku kwetu kusini mwa Tanzania, ndugu na marafiki wa vijiji vya pwani wananiuliza swali lilelile: tuanzishe kitu gani ili ufukwe wetu na msitu ulio nyuma yake visiondoke mikononi mwetu? Wengine wamesoma kwamba Marekani, katika jimbo la Georgia, Wamarekani weusi walianzisha New Communities mwaka 1969, amana ya ardhi ya jamii ambayo ardhi yake ilikuwa ya wote na haikuuzwa kipande kipande. Wengine wamesikia habari za National Trust ya Uingereza, ambayo mwaka 1965 ilianza kampeni ya kuchangisha fedha na kununua pwani ili isijengwe. Basi wanataka na sisi tuandikishe shirika, tutafute wafadhili, tununue.

Nawaambia wasianze huko. Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji jukumu la kuisimamia kama mdhamini anayeshika mali ya wanakijiji. Amana mnayo tayari. Ina wadhamini mliowachagua wenyewe, ina mkutano wenye sauti juu yao, na haihitaji mfadhili ili iwepo. Kinachokosekana katika vijiji vingi ni maandishi na mipaka.

Mimi niko kwenye kamati ya maliasili ya kijiji chetu, upande wa ghuba ya Sudi, na nimeyaona yote mawili, ardhi isiyoandikwa na ardhi iliyoandikwa. Kipande cha kwanza kilikuwa ufukwe mzuri wenye mikadi na mlakasa, ambapo kina mama walipitia kwenda mwambani kuokota chaza na kombe. Hakikuwa kimeandikwa popote. Kila mtu alijua ni cha kijiji, na kwa sababu kila mtu alijua, hakuna aliyeona haja ya kuandika. Akaja dalali na mgeni wake, kikakaa kikao cha watu wachache, muhuri ukagongwa, na wiki chache baadaye mikadi ikafyekwa na uzio ukasimama. Kina mama hadi leo wanazunguka mbali na vikapu vyao kichwani, na maji yakishaanza kujaa mzunguko ule si mchezo.

Kipande cha pili ni msitu mnene unaoanza juu ya mikoko na kupanda hadi kilimani: mipingo, mikongo, mibuyu, na chemchemi mbili tunazotegemea kiangazi. Dalali yuleyule alikirudia. Safari hiyo mtendaji wa kijiji alitoa daftari, akafungua ukurasa wenye mukhtasari wa Mkutano Mkuu, orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, kisha ramani. Akamwambia, "Kaka, hapa hata mwenyekiti hana mamlaka ya kukupa. Kaombe kwa hawa wote." Dalali alisoma majina kidogo, akaaga.

Nguvu ya ukurasa ule ni hii. Sheria inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Na Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji iwe ya aina nyingine, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa kama eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, lakini maoni yenu lazima yasikilizwe kwanza. Sheria hiyohiyo inaagiza kijiji kiwe na daftari la ardhi ya pamoja. Nendeni leo ofisini kwenu mkaliulize. Kama halipo, au lipo na kurasa zake ni tupu, kazi yenu ya kwanza mmeshaijua.

Ugumu wa pwani ni kwamba eneo moja liko mikononi mwa watu watatu. Mikoko si ya kijiji. Ni msitu wa hifadhi wa Serikali Kuu, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Bahari na mwamba ni mambo ya uvuvi, na huko chombo cha wananchi ni BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Kijiji kinabaki na nchi kavu. Kwa hiyo msitu wa juu unaweza kuwa salama kabisa huku mikoko iliyo chini yake ikikatwa kwa ajili ya mashamba ya chumvi au kuchomea chokaa, na mkishaipoteza mikoko, mawimbi yanaanza kula ufukwe. Dawa yake ni kuwaita wote watatu katika kikao kimoja mapema: afisa wa TFS wa wilaya, afisa uvuvi, na kamati yenu. Ombeni makubaliano ya usimamizi wa pamoja wa mikoko, ili doria yenu ya msituni iweze kushuka hadi kwenye maji bila kuambiwa mmevuka mpaka. Walio Msimbati na vijiji vingine vilivyomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, wana mlango wa nne wa kubisha, kwa wahifadhi wa hifadhi hiyo. Na wote kumbukeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ufukweni haziruhusiwi shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Mwekezaji akija na ramani ya hoteli iliyokaa juu ya mchanga, mwulizeni kwanza habari ya mita hizo.

Sasa mipaka. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nisipotaka mfanye haraka. Sisi tulitembea mpaka wote kwa miguu, wazee wetu, wazee wa kijiji jirani, afisa ardhi na kifaa chake cha GPS. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba mpaka ni mkondo. Tulipofika mkondoni, ikawa kuna mikondo miwili: wa zamani uliojaa mchanga, ambamo michu, aina ya mikoko, ilikuwa imeshaota na kukomaa, na mpya uliochimbwa na mvua upande wetu. Kati yake pana shamba la mtu na kichaka kizuri cha ndege. Mzee mmoja wa upande wa pili akakaa chini kwenye mizizi, akasema, "Maji yanahama, wanangu. Tafuteni kisichohama." Tukachukua jiwe kubwa la matumbawe lililo juu ya mstari wa maji, tukachukua mbuyu, tukaandika namba za GPS za vyote viwili, na wenyeviti wote wawili wakasaini palepale. Mwenye shamba naye alisaini. Mkiwaacha jirani nje ya zoezi hili, ramani yenu haitawasaidia. Wao ndio watakaoulizwa siku ya ugomvi.

Baada ya mipaka, yanayofuata yana utaratibu wake na maofisa wa wilaya wanaujua: mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kisha chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 mnatangaza Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji, mnaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, Mkutano Mkuu unapitisha, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Sheria ndogo ziwe chache na adhabu zake zilipike. Acheni nafasi ya kuni kavu, dawa za miti shamba na matambiko, maana msitu uliofungwa kwa wenyeji hupata maadui ndani ya nyumba.

Kuhusu mkutano wenyewe, angalieni mwezi angani kabla ya kupanga tarehe. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, pwani yetu maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ileile ambayo ofisi hupenda kuitisha mikutano. Kina mama wote wako mwambani na wavuvi wengi hali kadhalika. Mkipitisha msitu siku hiyo mtakuwa mmepitisha bila watu wanaoutumia ufukwe kila siku, na mukhtasari wenu utakuwa na majina ya wanaume wa barazani tu. Itisheni siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, alasiri, na muepuke msimu wa kuokota korosho, watu wanapohamia mashambani.

Fedha ya doria mtaitoa wapi? Vijiji vyenye msitu mkubwa wa mbao vina mfano wa Kilwa, ambako shirika la uhifadhi la MCDI lilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, kwa ajili ya misitu ya vijiji, Kikole na Kisangi vikiwa vya mwanzo, na mpingo unaotengenezewa klarineti ukaanza kuviletea vijiji mapato halali. Msitu wetu wa pwani ni mdogo. Sitamshauri mtu akate mti kwenye msitu wa namna hiyo, hasa katika misitu ya Lindi na Mtwara, ambayo baadhi yake, kama Rondo na Litipo, ndiyo makazi ya komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Sisi tumetundika mizinga ya nyuki kandokando ya msitu, karibu na michu, na asali inanunua viatu na tochi za walinzi. Wekeni fedha hiyo kwenye akaunti ya kamati yenye watia sahihi watatu, mmoja awe mwanamke, na msome hesabu mbele ya Mkutano Mkuu kila baada ya miezi mitatu, mkianza na zile za matumizi madogomadogo.

Na kama kijiji chenu kimepakana na Manispaa ya Lindi au ya Mtwara, fanyeni mwaka huu. Kijiji kikishageuzwa mtaa, Halmashauri ya Kijiji haipo tena, na daftari lisiloandikwa halitakuwa na wa kuliandika.