Mumeo hajakukataza, wewe ndiye hujamwambia

Shangazi, naishi Malindi na mume wangu, watoto wawili na mavyaa yangu. Mchana ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi, jioni napokea pesa kwenye mkahawa wa ufuoni hadi saa tano usiku. Kazi ya jioni niliianza wakati wa kusi, mume wangu mvuvi alipokosa samaki. Sasa silali, moyo unanienda mbio, watoto nawafokea bure. Nataka kuiacha lakini najua mume hatakubali, ingawa mwanzo aliniambia nisijitese. Mavyaa, ambaye ndiye huwapikia na kuwalaza watoto, ataniita mvivu. Tena nina vyama vitatu, na harusi za ukoo haziishi. Nifanyeje?
Niliyechoka

Pole, mwanangu. Moyo kwenda mbio si jambo la kupuuza. Nenda ukapimwe presha wiki hii.

Sasa tuambizane ukweli. Nimemtafuta huyo mume mkorofi katika barua yako, sikumwona. "Najua hatakubali." Umemuuliza lini? Mtu aliyekwambia usijitese ndiye unayemfanya kikwazo! Na mavyaa yako, anayewapikia wanao na kuwalaza huku wewe ukihesabu chenji za wateja, unamtia mdomoni neno ambalo hajalitamka. Mama huyo amekubebea nyumba. Unamkosea.

Unasema ulianza kwa sababu ya kusi. Kusi imekwisha, kaskazi imeingia, vyombo vinatoka, mbona bado uko kwenye mkahawa? Barua nzima haina unga, haina karo, haina kodi ya nyumba. Ina vyama na harusi. Unachoogopa ni hiki: ukiacha kazi, michango itakwama, na mumeo atajua mshahara wa pili ulikuwa ukienda wapi. Mficha uchi hazai.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza roho. Mke na mume wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na simu yake chini ya mto na namba ya siri ya M-Pesa asiyoijua mwenzake. Mke ana vyama asivyovitaja, mume ana mkopo wa simu asioutaja, kisha wanaulizana kwa nini nyumba haina baraka. Mama zetu walipokea samaki mlangoni wakajua leo ni kushiba au ni kubana. Kusi ikichafua bahari, nyumba nzima ilijua hamna, na matumizi yakapunguzwa bila ugomvi. Leo mwanamke yuko radhi augue kuliko aonekane harusini na dera la mwaka jana. Na wanaume nao wasinicheke, maana anayerudi mikono mitupu akanuna badala ya kusema, naye anaficha.

Iache kazi ya jioni. Mshika mbili moja humponyoka, na wanao ndio wanaokuponyoka. Lakini anza nyumbani. Ijumaa, mumeo akitoka msikitini na akishakula, kaa naye umtajie vyama vyote vitatu na mchango wa kila kimoja, usipunguze hata shilingi. Kile ambacho zamu yako ya kupokea imeshapita, maliza kulipa. Hilo ni deni la watu. Kile ambacho hujapokea, mwone mweka hazina, mtafute mwanamke mwingine ashike nafasi yako.

Kisha mwajiri. Usizime simu ukapotea, Malindi si Nairobi, mtakutana sokoni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wenu unataka zaidi. Ukitaka kuondoka papo hapo, utamlipa mshahara wa siku hizo. Iandike mapema, kabla watalii wa Desemba hawajajaa, naye apate mtu wa kushika nafasi yako. Dai siku zako za likizo ulizobakisha, na cheti cha utumishi. Ukishafanya kazi wiki nne mfululizo ni haki yako, na kitakufaa kusi ijayo ikikulazimu kutafuta kibarua tena, safari hiyo mumeo akijua.

Sare ya harusi inayokuja usiishone. Pesa hiyo mnunulie mavyaa yako leso.