Vijana wa mauzo wamepoa na bidhaa mpya nyingine haiji mpaka mwezi wa kumi

SWALI: Habari mtaalamu. Nasimamia vijana 9 wa mauzo hapa Dar, tunasambaza sabuni na juisi kwa wateja wa jumla na kwa mamangi (wenye maduka ya mtaani). Mwezi wa tatu tulizindua juisi mpya, aisee waliuza balaa. Sasa hivi mwezi wa sita oda zimeshuka nusu, asubuhi wanachelewa, wawili wanataka kuacha kazi. Bosi anasema nilete mtu wa semina awape hamasa. Nifanyeje?

JIBU: Hela ya semina ishike kwanza kaka. Kabla hujasema vijana wamekata tamaa, panda kirikuu na mmoja wao siku mbili, ingia stoo za wateja wako wa jumla uhesabu katoni kwa macho yako, maana nahisi ule moto wa mwezi wa tatu haukuwa mauzo yote, mzigo mwingine ulihama tu kutoka stoo yenu kwenda stoo ya mteja. Piga hesabu: kama dukani zinatoka katoni 5 kwa wiki na mlimsukumia 80 kwa mkupuo kwa sababu ya promosheni, huyo ana mzigo wa wiki 16, sasa kijana wako akienda pale kuomba oda anaomba nini? Anaambiwa "rudi baadae" wiki nzima, lazima apoe. Na hapo angalia tarehe za kuisha muda, juisi ni juisi.

Halafu hii ni kipupwe, nani ana kiu? Mwezi huu wape sabuni ndo iwabebe. Shule zinafunguliwa mwezi wa saba na wazazi wa watoto wa bweni wananunua sabuni kwa mche, so ruti za maduka ya karibu na stendi na masoko zipewe uzito sasa hivi, sio mwezi wa saba wenyewe.

Tageti nayo. Kuna sehemu nilifanya kazi tukachukua namba za mwezi wa uzinduzi tukazifanya ndo kawaida, na mimi nilikuwepo kwenye kikao nikanyamaza. Ikifika tarehe 10 kijana anaona haifiki, anakunja mikono, na yule aliyeshafikisha anaficha oda azitoe mwezi ujao, wote wana akili tu. Shusha tageti ifuate mzigo unaotoka dukani kwa mlaji, na kamisheni ianze kuhesabika hata akifika asilimia 70, ipande kwa ngazi, isiwe ufike 100 au ukose kabisa.

Sehemu ya bonasi ihamishie kwenye vitu ambavyo kijana anavimudu hata mwezi mbovu. Duka jipya lililorudia oda mara ya pili (mara ya kwanza usilipe, watakupachikia katoni moja moja kila kibanda cha mtaa), madeni yaliyokusanywa, juisi iliyolala kwa mteja mmoja ikahamishiwa kwa mwingine anayeimaliza. Hesabu ifungwe kila Jumamosi, hela ndogo ya wiki hii inamwamsha mtu kuliko ahadi ya mwezi wa kumi. Na kama mnaposti kwenye grupu la WhatsApp nani wa mwisho, acheni, mimi sijawahi kuona aliyeongeza oda kwa kuaibishwa.

Wale wawili kaa nao mmoja mmoja, nje ya ofisi, uwaulize jambo moja tu: mafuta ya pikipiki na vocha wanalipa wao? Mwezi wa tatu kamisheni ilikuwa inafunika hayo yote, sasa imeshuka inawezekana mtu anamalizia mshahara barabarani, na ukimletea mtu wa semina hapo unamtukana. Kama ni hivyo hela ya semina ushapata pa kuipeleka, na bosi mwonyeshe hesabu ya lita kwa ruti, hiyo ataielewa.

Anza na stoo tano kubwa za Kariakoo wiki hii, ukimaliza kuhesabu niandikie namba tuone mzigo uliolala ni wa wiki ngapi.