Kisiwa Kimeonekana, Mbona Hawaingii Bandarini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ni baharia katika mashua ya matanga yenye urefu wa mita 12, na hivi karibuni alivuka na wenzake kutoka Bermuda hadi bandari ya Horta, katika visiwa vya Azores vya Ureno. Ananiambia walikiona kisiwa alasiri, lakini nahodha akawaweka baharini usiku kucha. Asubuhi walipofunga gatini, nahodha alishuka peke yake na wengine wakakatazwa kukanyaga nchi kavu. Sasa kijana anasema ardhi inamyumbisha, tena ati wanachora kwenye kuta za bandari. Je, nahodha huyo anawatendea haki, na mwanangu ni mzima? – Mzazi, Tanga.

JIBU: Ndugu yetu wa Tanga, kwa maelezo uliyotupa, mwanao yuko mikononi mwa nahodha anayeijua kazi yake. Kutoka Bermuda hadi Horta ni takriban maili 1,800 za baharini, safari inayoweza kuichukua mashua ndogo wiki mbili hadi tatu, na hatari yake kubwa mara nyingi haiko kwenye kina kirefu, ambako ni nadra kukuta kitu cha kugonga, bali iko kwenye maili chache za mwisho, wakati mabaharia wamechoshwa na usingizi wa zamu na kila mmoja anatamani kuoga maji yasiyo na chumvi.

Kukiona kisiwa si kukifikia. Mlima Pico, ulio kwenye kisiwa kinachotazamana na Horta, una urefu wa mita 2,351, kwa hiyo siku isiyo na mawingu huonekana kutoka mbali sana, na mashua inayokwenda maili 5 kwa saa ikiuona alasiri inaweza kufika mlangoni mwa bandari usiku wa manane. Saa hiyo taa za mlango humezwa na taa za mji zilizo nyuma yake, mashua nyingine zilizotia nanga huenda hazina taa, na mlango-bahari kati ya visiwa hivyo viwili, wenye upana wa kilomita 8 hivi, hubana upepo na kuutoa kwa vishindo.

Kuna pia suala la maboya, yaani alama zinazoelea kuonyesha njia ya chombo, ambalo kwa maoni yetu lingetosha peke yake kumfanya nahodha asubiri. Tangu mapatano ya kimataifa ya mwaka 1980, dunia ina kanda mbili za alama za bandari: katika eneo la Amerika, Bermuda ikiwamo, chombo kinachoingia huiacha alama nyekundu mkono wa kulia, ilhali Ulaya, Azores na huku kwetu Afrika Mashariki nyekundu huwa mkono wa kushoto. Baharia aliyezoea upande mmoja, akifika saa nane za usiku huku macho yanamwasha kwa usingizi, anaweza kushika upande usio wake na kukipandisha chombo mwambani. Ndiyo maana nahodha husubiri baharini hadi kuche: matanga hupunguzwa, tanga dogo la mbele likavutwa upande wa upepo na usukani ukafungwa ili nao uelekeze omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, upeponi. Nguvu hizo hupingana, chombo kikatulia na kusogea polepole mbali na nchi, mmoja akakesha na wengine wakalala.

Kushuka peke yake ni sheria tu. Chombo kinachotoka nchi nyingine hupandisha bendera ya njano, yenye maana kwamba waliomo ni wazima na kinaomba ruhusa ya kuingia. Mpaka ruhusa itoke, nahodha ndiye anayeshuka na pasipoti za wote, hati za chombo na hati ya kuondokea bandari iliyopita. Ikiwa mwanao ana pasipoti ya Tanzania, hana budi kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa Azores hufuata taratibu za viza za Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kuzurura mjini kabla ya kuruhusiwa kuingia kungemponza yeye na nahodha wake pia.

Kuyumba huko ni jambo la kawaida. Ubongo uliojizoesha kuyatazamia mawimbi huendelea kuyatazamia hata yasipokuwapo, hasa mtu anapofumba macho bafuni. Hali hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Ikizidi wiki kadhaa, amwone daktari. Mwambie pia asiyavamie matunda. Joshua Slocum, aliyeizunguka dunia peke yake kwa mashua, alipita hapo Horta Julai 1895, na baada ya kung'oa nanga alikula plamu na jibini alizopewa kisiwani mpaka tumbo likamkata, akalala sakafuni huku dhoruba ikivuma.

Kuhusu michoro, usiwe na wasiwasi, hawaharibu mali ya mtu. Ni desturi ya Horta kila mashua kuacha jina lake na mwaka kwenye zege la bandari, na mabaharia huamini kwamba anayeondoka bila kuchora hujitafutia balaa. Mwombe apige picha mapema na akutumie, kwa sababu jua, mvua na nyayo za wapitao huifuta rangi, na wageni wanaokuja huchora juu ya ile iliyofifia.