Safari ya Pangani na Lushoto: Mwulize Bibi Habari za Maji

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiomba nimpangie safari ya gari na familia yake, ya siku nne au tano, itakayompitisha baharini na kwenye maporomoko ya maji, kwa kuwa aliona picha zangu za mwezi Juni na zikampendeza. Aliuliza mambo matatu: njia, hoteli na gharama. Njia nimemweleza, hoteli na gharama nimemwachia mwenyewe, maana mfuko wa mtu haupangiwi na jirani. Lakini liko swali ambalo hakuuliza, na ambalo mimi pia sikuliuliza Septemba ya mwaka jana, na hilo ndilo linalonifanya niandike haya. Picha alizoziona ni za safari ya pili. Za safari ya kwanza zipo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na huwa ninazipita haraka nikikutana nazo.

Njia yenyewe haina siri. Kutoka Dar es Salaam unapita Bagamoyo, unatokea Msata, kisha unafuata barabara kuu hadi njia panda ya Segera, ambako mkono wa kulia unakupeleka Muheza na Tanga, na barabara nyingine inaendelea Korogwe, Mombo na hatimaye Moshi na Arusha. Ushauri wangu ni kuanza na bahari: nenda Tanga, teremka Pangani, ambako ni kama kilomita 50, ukae huko siku mbili, kisha rudi Segera, ushike njia ya Korogwe, na ukifika Mombo uanze kupanda Lushoto. Watoto wakianza na mlima, wataulizia bahari kila baada ya kona. Kati ya Bagamoyo na Segera hakuna la kusimulia zaidi ya askari wa barabarani na usingizi, kwa hiyo sitasimulia.

Tulikuwa watu saba ndani ya Noah: mimi, mke wangu, watoto watatu, dada yangu na Mama. Mama amezaliwa Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, mahali ambapo ukisimama mjini Pangani unapaona vizuri na kupafikia ni kwa kuvuka mto. Amekulia kando ya maji hayo hadi alipoolewa. Mimi nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na nilikuwa na simu yenye ramani, na nilikuwa nimeandika ratiba ya kurasa mbili iliyoonyesha kila kituo na dakika zake. Natumaini msomaji umeshaanza kuona shimo lilikuwa wapi.

Kilele cha ratiba yangu kilikuwa Maziwe. Kwa asiyekifahamu, Maziwe ni kisiwa cha mchanga kilicho baharini, kiasi cha kilomita 8 kutoka Pangani, ndani ya eneo la hifadhi, chenye matumbawe na samaki wa kila rangi. Wazee wa huko husimulia kwamba zamani kilikuwa na mivinje. Leo hakuna hata mti mmoja, na maji yakijaa mchanga wote huzama. Kasa bado hupanda kutaga, na mayai yao huhamishiwa ufukweni Ushongo yasije yakafikiwa na maji. Nilijua kwamba kisiwa huonekana maji yakipwa. Nilichokichukulia kirahisi ni lini, nikidhani bahari ina subira ya kumngoja mtu aliyelipa kianzio.

Tulichelewa kutoka Dar, tukalala Tanga badala ya Pangani. Kesho yake asubuhi, badala ya kufidia muda, nikawasimamisha Tongoni, kama kilomita 17 kusini ya mji, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na hapo nikatoa somo. Niliwaeleza watoto jinsi Vasco da Gama alivyopita pwani hii mwaka 1498, jahazi lake moja, São Rafael, likapanda mwamba, maji yalipopwa likabaki kavu, na halikunasuka hadi maji yalipojaa tena. Nilisimulia kwa madaha, nikawacheka Wareno. Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli akimenya chungwa la Muheza kwa kisu kidogo, akazungusha ganda lote bila kulikata, akasema bila kuinua macho: "Mwanangu, leo mwezi ni kumi na tano. Kama ni Maziwe, mmeshachelewa."

Nikamwambia, "Mama, nimepanga kila kitu."

Akasema, "Haya," akanipa nusu ya chungwa.

Tulifika Pangani saa tano na nusu, tukala, na saa saba mchana mashua ya mashine ikatutoa mtoni. Kijana aliyetupeleka, nisiyemtaja kwa kuwa kosa halikuwa lake peke yake, aliniangalia, akamwangalia Mama aliyebaki gatini, akaniuliza mara mbili kama nina hakika ni leo. Pesa yake ilikuwa mkononi. Hakuuliza mara ya tatu. Tulipofika, Maziwe ilikuwa imebaki kipande cha mchanga kisichozidi mikeka sita ya futari iliyopangwa pamoja. Tukashuka. Mke wangu akaweka kikapu cha vitafunio, akakunjua kitenge. Binti yangu wa mwisho akaanza kuchimba kisima chake, na kila alipoondoa gao la mchanga maji yalijaza mahali pake kutoka chini, kimya kimya, kisha wimbi moja jembamba likapita juu ya kisima na kurudi, na lilipokuja tena halikurudi lote. Kitenge kikalowa upande mmoja, tukakihamisha; kikalowa upande wa pili. Ndani ya dakika 20 hapakuwa na upande wa kuhamia. Nikajikuta nimesimama katikati ya Bahari ya Hindi, maji magotini, nimebeba kikapu kichwani, huku mwanangu akiuliza kisiwa kimekwenda wapi. Hapo ndipo dada yangu alipopiga picha.

Aliituma kwenye kundi la ukoo kabla hatujafika gatini, na maneno aliyoyaandika chini yake yalikuwa matatu: "Nahodha wa Bara." Jina hilo ninalo hadi leo. Shemeji zangu huliita msibani na harusini, na watu wanadhani naona raha.

Basi niseme nilichojifunza, kwa sababu naamini wewe pia unayesoma unaitaka ile picha ya familia yenye mchanga mweupe nyuma na hakuna anayelia. Bahari ya pwani yetu ina kalenda yake, na kalenda hiyo ni mwezi. Maji ya bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kati ya bamvua na bamvua yapo maji mafu, yasiyotoka sana wala kupanda sana. Katika mwambao wa Tanga, siku za bamvua maji hupwa kabisa majira ya saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa majira ya saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, na kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50. Kwa hiyo anayetaka Maziwe achague siku ya bamvua, awe ndani ya mashua saa mbili asubuhi, na saa sita awe anarudi. Siku niliyoichagua ilikuwa nzuri kabisa kwa Maziwe. Saa ndizo nilizoziharibu. Mama alikuwa anayajua haya yote bila kufungua kitu chochote, kwa kuhesabu tu siku tangu mwezi ulipoandama.

Kisa cha Soni hakikunipa nafuu. Maporomoko ya Soni yako kando ya barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, barabara ya kilomita 33 hivi inayojikunja ubavuni mwa Usambara hadi mji ulio kwenye kimo cha mita zipatazo 1,400, na huna haja ya kupanda wala kutembea mbali ili kuyaona. Nilikuwa nimewaahidi watoto ngurumo. Lakini ilikuwa Septemba, mvua za masika zimekwisha kitambo na za vuli hazijaanza, na maji yaliyokuwa yakiteremka kwenye mawe yale yangetosha kujaza ndoo, si macho. Mwanangu wa kwanza akaniuliza, "Baba, ndiyo hii?" Wa pili alikuwa anatapika kwa sababu ya kona. Dada yangu, nashukuru, hakupiga picha. Alisema hakuna cha kupiga.

Tulirudi Dar kimya. Nilikaa na hasira miezi kadhaa, na nakiri kwamba hasira yenyewe nilimwekea Mama, kana kwamba yeye ndiye aliyejaza maji. Nilijiuliza kwa nini hakusisitiza. Mpaka siku moja nikamwuliza, akanijibu kwamba alisema mara moja, nami si mtoto. Nililala vibaya usiku ule.

Sisi akina baba wa siku hizi tuna ugonjwa. Tukishika usukani tunadhani tumeshika na akili za wote waliomo garini. Tunapakia wazee wetu kwenye kiti cha nyuma pamoja na mito na chupa za maji, tunawapeleka walikozaliwa, kisha tunawasomea wao habari za mahali hapo kutoka kwenye simu. Mtu amekula samaki wa bahari ile miaka 20 kabla wewe hujazaliwa, halafu unamwambia umepanga kila kitu. Mzee akisema neno moja safarini, zima gari usikilize. Na akisema mara moja tu, jua kwamba amesema.

Kwa safari ya Juni, kabla ya kuomba likizo kazini nilimpigia simu Mama nikamwuliza bamvua itaangukia lini. Akahesabu, akanipa siku tatu, nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi na tarehe za Mama. Mwezi Juni una faida nyingine, kwamba masika yametoka kuisha na milima imeshiba maji, shule zimefungwa, na jua si kali sana. Hasara yake ni kusi, upepo unaochafua bahari hasa mchana, na hiyo ni sababu nyingine ya kuondoka mapema. Tulilala Pangani usiku wa kwanza, tukavuka kwa kivuko kwenda Bweni kuwaamkia jamaa, na asubuhi ya pili nikamwachia Mama aongee na nahodha. Yule bwana, mtu mzima mwenye mvi, alimwamkia "Shikamoo bibi," Mama akaitikia "Marahaba mwanangu," kisha wakazungumza kuhusu upepo kwa dakika kumi huku mimi nikishika mkoba wake. Safari hii Mama alipanda mashua. Saa tatu tulikuwa Maziwe na mchanga ulikuwa mrefu kiasi kwamba watoto walikimbia hadi wakawa wadogo. Mama aliketi chini ya mwavuli, ambao nakuomba usiusahau kwa kuwa huko hakuna kivuli kingine, na akatuonyesha kwa fimbo mivinje ilikuwa upande gani. Beba maji ya kunywa ya kutosha, viatu vya kukanyagia matumbawe yaliyokufa, na ada ya hifadhi. Saa tano na nusu alisema twende, tukaenda.

Soni tuliisikia kabla ya kuiona. Nilisimamisha gari, nikashusha vioo, na hakuna aliyeniuliza kama ndiyo hii. Maji yale huteremka hadi Mombo, huingia Mto Mkomazi, na Mkomazi humwaga katika Pangani, kwa hiyo yanayoanguka pale ndiyo yanayopita mbele ya Bweni yakielekea baharini. Jambo hili nilikuwa nalijua, lakini nilinyamaza, na Mama ndiye aliyewaeleza watoto. Binti wa mwisho alitupa jani, akataka kujua litafika lini kwa ndugu zake wa Bweni. Kaka yake akamwambia litasagwa na mitambo ya umeme ya Hale. Wakabishana hadi Lushoto, na hakuna aliyetapika, labda kwa sababu ya ubishi, labda kwa sababu ya tangawizi aliyowatafunisha bibi yao pale Mombo. Lushoto tulikaa siku mbili, tukala mkate na jibini za Irente, tukasimama ukingoni mwa jabali na kuitazama Mazinde chini kabisa kama mtu anayetazama kutoka kwenye ndege. Mke wangu anasema sehemu hiyo ndiyo iliyompendeza kuliko zote, nami sina la kuiongezea.

Wakati wa kuteremka kutoka Lushoto tumia gia ndogo na uiache injini ikuzuie, usikanyage breki mteremko mzima kama nilivyofanya Septemba, nikafika Mombo nikinuka kama karakana. Hilo sikuambiwa na Mama. Niliambiwa na dereva wa basi, kwa sauti kubwa, mbele ya abiria wake.

Picha ya Juni, ile tuliyopiga sote saba juu ya mchanga, niliituma mwenyewe kwenye kundi la ukoo na kuandika chini yake kwamba mpangaji wa safari ni Mama. Watu walisifu sana. Dada yangu alijibu: "Hongera Mama. Na wewe Nahodha, leo umetulia."